Cha juu cha dola 12,000 kwenye Civic Type R? Mkuu, usitoe

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Uko Texas, unaitaka Honda Civic Type R mpya, ile Civic ya spoti, dila (muuza magari mapya) anataka cha juu cha dola 12,000, yaani juu ya bei ya kibandiko, ile ya kiwanda iliyobandikwa kwenye kioo, na eti kuna mteja mwingine anakuja Jumamosi na hela mkononi. Unauliza utoe au uache. Acha. Huyo mteja wa Jumamosi namfahamu. Mwaka 2023 alinikimbiza mimi hapa Columbus, Ohio, na sura yake sijaiona mpaka leo.

Piga hesabu kwanza. Hiyo 12,000 haibaki 12,000. Texas inakata kodi ya asilimia 6.25 kwenye bei yote, cha juu kikiwemo, kwa hiyo tayari ni 12,750. Ukiitia kwenye mkopo wa miezi 72 kwa riba ya, tuseme, asilimia 6.5, mpaka unamaliza deni umetoa kama 15,400. Na ukiigonga ikawa haifai tena, bima inakulipa thamani ya gari sokoni siku hiyo. Cha juu hakimo.

Gari yenyewe ilipoingia Marekani kama modeli ya 2023 ilianzia dola 42,895, na 1,095 za kuisafirisha hadi kwa dila. Namba hizo hubandikwa kwenye kioo kwa sheria ya mwaka 1958, aliyoisukuma seneta Monroney wa Oklahoma. Ila sheria inataka bei ya kiwanda ionekane tu, haisemi lazima uuziwe hiyo. Dila ni mfanyabiashara anayejitegemea, mtengenezaji anampendekezea bei, yeye anaamua. Ndiyo maana kumlalamikia mtengenezaji ni kupoteza muda.

Sasa hapa ndipo penye siri, kama ni siri. Dila haagizi Type R anazotaka, anagawiwa. Wa mji mkubwa akipata, foleni ya vijana imeshafika barabarani, na hapo cha juu kinapanda. Wa mji mdogo akigawiwa moja, wateja wake ni wakulima na walimu wanaotaka CR-V na Pilot, magari ya familia. Type R ni gia za mkono tu, na Wamarekani wengi hawazijui hizo. (Sisi tuliojifunzia kwenye pikapu ya mjomba, gia ya pili mpaka uombe dua ndipo iingie, hapo tunacheka.) Kwa hiyo gari ileile inayogombewa kwako, kwingine inakaa dukani inapigwa picha na watoto wa shule.

Mimi nilichelewa kulielewa hilo. Nilijiambia naishi jirani na Marysville, mji wa hapa hapa Ohio, Honda walikoanza kuunda Accord mwaka 1982, nitakosaje? Kumbe Type R inatoka Yorii, Japani, na ujirani wangu haukuwa na maana yoyote. Dila wa kwanza hapa mjini alinitajia cha juu cha 10,000, kimeandikwa kwenye karatasi ya pembeni yenye herufi nzuri utadhani nayo imetoka kiwandani. Nilikaribia kusaini. Aliyeniokoa ni mke wangu, aliyeuliza swali moja tu: "Hii 10,000 inaongeza nini kwenye gari?" Muuzaji akaanza kueleza soko.

Nikarudi nyumbani nikafungua jedwali. Ndani ya wiki sita nilipiga simu na kutuma barua pepe kwa madila zaidi ya arobaini, Michigan mpaka Nebraska. Ujumbe ulikuwa ule ule: nataka Type R, rangi yoyote, nalipa bei ya kibandiko, nitumie kwa maandishi bei ya mwisho kila kitu ndani. Wengi hawakujibu. Waliobaki nusu walikuwa wajanja: "Ndiyo, bei ya kibandiko," halafu chini kuna tinti, nitrojeni kwenye matairi na dawa ya kulinda rangi, jumla karibu 4,000, na haviondolewi. Hicho ni cha juu kilichovaa kanzu. Angalia pia ada ya makaratasi. California imewekewa kikomo cha dola 85, ila Florida haina kikomo, unaweza kukuta karibu elfu nzima.

Halafu nikafanya kosa ambalo wewe usilifanye. Dila mmoja wa Indiana alikubali kwenye simu. Nikaendesha saa tatu kumfuata. Nimefika, kahawa nimepewa, meneja anatoka ofisini anasema bei imebadilika tangu asubuhi, ongeza 5,000. Maneno ya simu, mkuu. Nilirudi na njaa na hasira, na sikumwambia mtu nyumbani kwa siku mbili.

Iliyonipa gari ni Iowa, mji ambao ukipepesa macho umeupita. Muuzaji ni mzee mmoja mtulivu, akaniambia gari yao imo melini na hakuna aliyeiulizia. Safari hii kabla sijakata tiketi nilidai karatasi ya mauziano iliyosainiwa na meneja, yenye namba ya chesisi, bei ya mwisho, na mstari unaosema kishika uchumba changu cha dola 500 kinarudishwa nikighairi. Nililipa kwa kadi ya mkopo, maana hela ikileta utata benki naweza kuiambia iizuie, jambo ambalo ukishatuma kwa uhamisho ni gumu. Mkopo nilikwenda nao mkononi, umeshapitishwa na chama chetu cha akiba na mikopo, hivyo yule bwana wa ofisi ya fedha ya dila, anayeuza mikopo, hakuwa na pa kunishikia. Kodi nililipa nilipoisajili nyumbani Ohio.

Nilitoa elfu arobaini na nne na ushei, ile ile ya kwenye kioo, na ada ndogo ya makaratasi. Tiketi ya ndege ya kwenda Des Moines haikufika dola 200, na mzee akanifuata uwanjani mwenyewe. Kurudi ni maili zaidi ya 600 kwa barabara kuu za I-74 kisha I-70, na kitabu cha gari kinasema maili 600 za kwanza usikanyage mafuta kwa nguvu. Kwa hiyo injini ina nguvu za farasi 315, na mimi napitwa na malori Illinois nzima.

Jambo dogo ambalo wengi hawaulizi: nyuma inakaa watu wawili tu, katikati hakuna mkanda. Kama una watoto watatu, ongea na mama watoto kwanza.

Wewe uko Texas, kwa hiyo anza na Oklahoma, Arkansas na Kansas, miji midogo, na Jumamosi hiyo iache ipite. Jumatatu asubuhi mpigie dila wako, muulize kwa upole kama ile gari bado ipo. Halafu uje utuambie alijibu nini.