Vigari vya Hot Wheels vimeenda wapi?

SWALI: Anti, mi nimekulia Ohio, Marekani, enzi hizo tunaingia duka la midoli la Toys "R" Us na mzee tunachagua vigari vya kuchezea vya Hot Wheels mpaka tunachoka, sa hivi nikienda na mwanangu rafu tupu, kwani vimeacha kutengenezwa?

JIBU: Havijaacha mdogo wangu, kampuni ya Mattel wanavitoa tangu 1968 mpaka leo. Ila Toys "R" Us walifunga maduka yao Marekani 2018, mzigo ukabaki kwenye masupamaketi, na huko watu wazima wanawahi asubuhi kusaka Treasure Hunt, vile adimu vilivyoanza 1995, wakaviuze mtandaoni bei juu, hilo linaniuma kweli maana mtoto anakuta makapi. Muulize anayepanga rafu mzigo unashushwa siku gani, uende na mwanao mapema.