Pale Sauti Inapomkwama Kapteni

Wiki hii mmeuliza kwa nini filamu ya muziki ya zamani bado inatazamwa na familia nzima, mtoto na bibi kwenye kochi moja. Nitajibu kwa ile ninayoijua karibu kwa moyo: The Sound of Music, ya mwaka 1965.

Wengi watawatajia watoto saba na wimbo wao wa do-re-mi. Sikatai, nyimbo zinanata. Lakini utamu mtupu hukinaisha, na filamu hii ina dakika 174! Kwangu mimi anayeibeba ni baba.

Mtazameni baba huyo, Kapteni Georg von Trapp wa Austria, mwanzoni. Amefiwa na mke, na nyumba kaigeuza kambi: kila mtoto ana mlio wake wa kipenga, wanashuka ngazi kwa gwaride wamevaa sare za kibaharia. Maria, mlezi aliyetoka kwa watawa, anagoma kabisa kuitwa kwa kipenga. Wanakuja kugombana vibaya, Kapteni anamfukuza kazi, na hapo hapo sauti za watoto wakiimba zinasikika kutoka ndani. Anawafuata. Anasimama kuwasikiliza, na mara naye anaimba. (Sauti ile ni ya mwimbaji Bill Lee, si ya Christopher Plummer, mwigizaji wa Kapteni. Uso ni wa Plummer, na pale uso ndio unaofanya kazi.)

Halafu kuna Edelweiss, wimbo wa mwisho kuandikwa na mtunzi wa mashairi Oscar Hammerstein kabla hajafariki mwaka 1960. Mara ya kwanza Kapteni anauimba nyumbani na gitaa, mtu anayejikumbuka. Mara ya pili yuko jukwaani katika mji wa Salzburg, nchi yake Austria imeshamezwa na Ujerumani, Wanazi wamekaa mbele yake. Maneno ni yale yale. Katikati sauti inamkwama. Maria anaingia kumsaidia, watoto wanafuata, kisha ukumbi mzima.

Nilipokuwa mdogo nilitaka filamu iishie harusini mwa Maria na Kapteni. Yaliyobaki niliyaona ya wakubwa. Siku hizi do-re-mi ikianza ndipo napokea simu, ila Edelweiss ya pili sikubali mtu apite mbele ya skrini.

Familia hii ilikuwepo kweli, na wajuzi wa historia wana malalamiko yao, na ni ya haki. Maria na Georg walioana mwaka 1927, miaka 11 kabla Austria haijatwaliwa. Familia iliondoka kwa treni kwenda Italia. Wangepanda mlima ule wanaotorokea mwisho wa filamu, wangeteremkia Ujerumani kwenyewe! Na linalonigusa zaidi: familia ile ilikuwa ikiimba hata kabla Maria hajafika, na wanawe walimkumbuka baba yao kuwa mpole. Yaani yule baba aliyesahau kuimba, ninayemsifu hapa, ni wa kutungwa. Nami naona walitunga vizuri.

Mara ya mwisho nilitazama na mpwa wangu wa miaka sita. Habari za Wanazi hakuzielewa hata kidogo. Ilipofika pale jukwaani akanivuta shati, akaniuliza, "Mjomba, mbona ameacha kuimba?" Nikamwambia asubiri kidogo, Maria anakuja.