Jibu: Kwa nini Pakistan huhamisha maji kutoka mto hadi mto?

Mkuu, umeuliza kwa nini Wapakistani wasimwagilie mashamba moja kwa moja kutoka mto ulio karibu. Kwa sababu maji ya mito hiyo ya karibu si yao tena. Mkataba wa Maji wa Indus wa mwaka 1960 uliipa India mito ya mashariki: Ravi, Beas na Sutlej. Pakistan ikabaki na Indus, Jhelum na Chenab, ilhali mashamba mengi ya Punjab, jimbo lake la mashariki, yalishazoea kunywa kutoka mashariki. Ndipo ikachimbwa mifereji ya kuunganisha mito.

Fuatilia njia moja tu: pale Trimmu maji hutolewa mto Chenab, yanapelekwa Ravi kwenye banio la Sidhnai, kisha mfereji mwingine unayachukua hadi Mailsi, kwenye mto Sutlej. Hapo kuna kitu kinachonifurahisha sana. Maji hupita CHINI ya mto Sutlej ndani ya mahandaki ya zege, yakaibukia ng'ambo bila pampu! Ni kama ule mpira wa maji wa mafundi ujenzi wa kupimia usawa wa msingi: ukiinua ncha moja kidogo, maji yanatokea upande wa pili.