Re: Mwanangu anaambiwa "jiue tu" kwenye grupu la darasa

Pole sana dada. Hao wa kidato cha pili wanaomwandikia binti yako "jiue tu" WhatsApp wanatenda kosa, si utani. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 kinakataza kumtisha au kumsumbua mtu mtandaoni: faini isiyopungua milioni 5, jela isiyopungua miaka 3, au vyote. Kwa watoto kuna Mahakama ya Watoto, kwa hiyo usitarajie makubwa hayo.

Msifute meseji! Piga skrinshoti, namba na tarehe zionekane, uende Dawati la Jinsia na Watoto polisi, udai RB (namba ya kumbukumbu ya taarifa yako). Ila kwanza binti: leo asilale peke yake, na mpigie 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.