Mzigo kwenye kompyuta: angalia kwanza nani kaupakia

Mleta mada, umeuliza kama mifumo endeshi ya kompyuta, yaani Windows na wenzake, siku hizi inajazwa programu kupita kiasi, na mdau mmoja hapo juu kakujibu kwamba tuache kulalamika, tununue mashine zenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) kubwa. Mimi nina steshenari Sinza, na pembeni ya kazi ya kuchapa na kutoa kopi natengeneza kompyuta za wateja. Jibu langu ni ndiyo, zinajazwa. Na kumwambia mwanafunzi aliyejikusanyia hela ya mashine ya mtumba kwamba akanunue nyingine, hilo silikubali hata kidogo.

Windows XP ya mwaka 2001 ilihitaji RAM ya MB 64 na diski ya GB 1.5. Windows 7 ya 2009 ikataka RAM ya GB 1 na diski ya GB 16. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inataka RAM ya GB 4 na diski ya GB 64, na hicho ndicho kiwango cha chini kabisa. Sehemu ya ongezeko hilo naikubali, kwa sababu ulinzi wa leo ni mzito kuliko wa wakati ule. Lakini Windows 10 ilipotoka 2015, watu waliwasha mashine wakakuta gemu la Candy Crush limeshakaa kwenye menyu ya Start. Hilo nalo ni ulinzi? Yalikuwa makubaliano ya Microsoft, wenye Windows, na kampuni ya gemu hilo, na nafasi waliyopeana ilikuwa kwenye diski uliyoinunua wewe. Linux nayo, ule mfumo wa bure, imenenepa. Ubuntu, moja ya aina za Linux, ya kwanza ya 2004 iliingia kwenye CD moja. Leo faili lake la kupakua limevuka GB 5. Angalau wenyewe waliliona, wakafanya usakinishaji mwepesi kuwa chaguo la kwanza kuanzia toleo la 23.10.

Sasa njoo kwenye hali yetu. Kuna dada anasoma chuo, alileta kompyuta aliyoinunua Kariakoo, RAM GB 4, diski ya kizamani ya kuzunguka. Alikuwa anaandika ripoti ya fildi na kila akifungua Word mashine inaganda. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc, ikafunguka Task Manager inayoonyesha nani anaitumikisha mashine. Hatujafungua kitu chochote, lakini safu ya diski imeshaiva, 100%, haishuki. Nikaenda kwenye orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe: antivairasi mbili zinazogombania kila faili linaloguswa, kitu cha kutafuta draiva, kitu kinachodai kuongeza kasi, programu ya mikutano ya video, ya torenti, na ile ya mtengenezaji wa mashine inayomkumbusha kulipia waranti iliyokwisha zamani huko Ulaya mashine ilikotoka. Yule dada hakuwahi kuomba hata moja kati ya hizo.

Ukiitazama orodha ile vizuri, utaona wapakiaji ni watatu. Yupo mwenye mfumo, yupo mtengenezaji wa mashine, na yupo fundi aliyepiga Windows dukani. Huyu wa tatu hatumsemi kabisa, na hapa Dar ndiye anayepakia mzigo mzito kuliko wote. Ana fleshi moja yenye Windows iliyokwishachezewa, anaipiga kwenye kila mashine, halafu anamwambia mteja "nimekuwekea kila kitu" ili aone hela yake imefanya kazi. Mteja anafurahi kuona alama nyingi kwenye skrini. Programu zilizovunjwa ulinzi zinaingia na vitu vingine ndani yake, wala hakuna anayejua vinatuma nini na wapi. Mafundi wenzangu mnaosoma hapa, nawaomba sana tuache hii tabia.

Mtengenezaji naye si wa kumwacha hivi hivi. Mwaka 2015 iligundulika kwamba baadhi ya kompyuta za Lenovo zilikuwa zimeuzwa na programu iitwayo Superfish. Ilikuwa inapenyeza matangazo kwenye kurasa unazofungua, na ili iweze kufanya hivyo ilijiwekea ndani ya Windows cheti chake cha usalama, kile kinachoiambia mashine ukurasa upi ni wa kuaminika. Matokeo yake, mtu mbaya angeweza kutengeneza ukurasa wa benki wa bandia na mashine ikauamini. Kwa hiyo programu ya kulazimishwa inaweza kukufungulia mlango usioujua, mbali na kula nafasi.

Kidonda chetu kikubwa lakini ni bando. Wengi wetu kompyuta inapata intaneti kwa hotspoti ya simu, na Windows kwa kawaida huichukulia kama Wi-Fi nyingine yoyote. Inashusha masasisho, duka lake linasasisha programu usizozitumia, na OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft ambayo bure unapewa GB 5 tu, inapandisha mafaili yako ya Documents kama ulikubali wakati wa kuwasha mara ya kwanza bila kusoma. Unanunua GB 1 asubuhi utume barua ya maombi ya kazi, mchana imekwisha na barua bado iko kwenye mashine.

Hata hivyo sisemi kila kinachokuja na mfumo kitolewe. Linux Mint, aina nyingine ya Linux, inakuja na LibreOffice ndani, yaani programu za ofisi kama Word, na kwa mtu asiye na bando hiyo ni neema: anawasha, anaandika. Mimi naangalia mambo mawili tu: nikitaka kukiondoa kinaondoka? Na nisipokiita, kinatulia? Wanaosema haiwezekani kitaalamu waangalie Ulaya. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliipiga Microsoft faini ya euro milioni 497, na suala mojawapo lilikuwa Media Player, programu ya muziki na video, kufungashwa ndani ya Windows. Tangu Machi 2024, kwa sheria yao ya masoko ya kidijitali, watumiaji wa huko wanaruhusiwa hata kuiondoa Edge, kivinjari cha Microsoft. Kumbe inawezekana. Sisi wa Temeke na Kimara hatujapewa ruhusa hiyo kwa sababu hakuna aliyewalazimisha.

Kama mashine yako nayo ni ya RAM GB 4, anza hivi. Ingia Settings, Apps, kisha Startup, uzime kila usichokijua kazi yake. Futa antivairasi za ziada, Defender, ile inayokuja na Windows yenyewe, inatosha. Kwenye Wi-Fi unayotumia washa Metered connection, inayoiambia Windows kwamba intaneti yako ni ya bando ili ipunguze kushusha vitu. Kama diski ni ya kuzunguka, hela ya kwanza utakayopata weka SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, kabla hujafikiria RAM. Na kama mashine haina TPM 2.0, kifaa cha ulinzi ndani ya mashine, Windows 11 haitaikubali rasmi, wakati Windows 10 ilimaliza muda wake wa kawaida wa msaada tarehe 14 Oktoba 2025; hapo jaribu Linux Mint ya Xfce, toleo lake jepesi. Inawaka kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski yako, uione kwanza.

Ukikwama kwenye kubuti, yaani kuiwasha mashine kutoka kwenye fleshi, andika hapa jina la mashine na modeli yake, nitakuambia ubonyeze kitufe gani.