Linux Imegoma Kuwaka kwenye Kompyuta Ndogo: Tambua Kwanza Ilipokwamia

Mtu aliyesakinisha Linux kwa mara ya kwanza kwenye kompyuta mpakato ndogo, kisha akaiwasha na kukuta skrini nyeusi, aghalabu huwa na wazo moja tu, nalo ni kusakinisha upya. Wazo hilo liweke kando kwanza. Usakinishaji unaorudiwa kwa flashi ileile na mipangilio ileile huzaa kosa lilelile, na juu ya hayo hufuta dalili ambazo zingekuonyesha tatizo liko wapi. Katika kompyuta nilizowahi kushughulikia, chache sana zilihitaji kusakinishwa upya. Nyingi zilihitaji faili moja iwekwe mahali pake, au neno moja liongezwe kwenye mstari wa kuanzishia keneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux.

Kuwaka kwa Linux kuna hatua nne zinazopokezana. Fimuwea, yaani programu iliyomo ndani ya bodi, ambayo siku hizi ni UEFI na zamani ilikuwa BIOS, huamka kwanza na kutafuta kipakiaji, yaani programu ndogo ya kuuanzisha mfumo. Kipakiaji, ambacho kwa kawaida ni GRUB, huiweka keneli pamoja na initramfs, yaani mfumo mdogo wa muda unaoisaidia keneli kuanza, kwenye kumbukumbu. Keneli hutambua vifaa na kuitafuta patisheni, yaani sehemu ya diski, yenye mfumo, kisha systemd, msimamizi wa huduma za mfumo, huanzisha huduma, nyingi kwa wakati mmoja, hadi ukurasa wa kuingia. Ukiona nembo ya mtengenezaji na baada yake ujumbe kwamba hakuna kifaa cha kuwashia, au ukirudishwa kwenye menyu ya fimuwea, basi GRUB haijafikiwa kabisa. Ukikuta maneno grub rescue na kishale kinachosubiri amri, kipakiaji kimeamka lakini hakizioni faili zake. Skrini ikizimika baada ya wewe kuchagua mfumo kwenye menyu ya GRUB, shughulika na keneli. Na ukiishia kwenye mstari wa amri wa initramfs au katika hali ya dharura, kasoro itafute kwenye diski au kwenye faili ya /etc/fstab, yenye orodha ya diski za kupandishwa mfumo unapowaka.

Hatua ya kwanza ndiyo inayowasumbua zaidi wenye kompyuta ndogo, na sababu yake haionekani kwa macho. Prosesa za Intel Atom za kizazi cha Bay Trail, zilizoingia sokoni mwaka 2013, zina uwezo wa biti 64, lakini kompyuta nyingi za bei nafuu zilizozitumia zilipewa UEFI ya biti 32. Fimuwea ya namna hiyo haiwezi kuendesha kipakiaji cha biti 64. Hulitafuta faili liitwalo bootia32.efi ndani ya folda ya EFI/BOOT, na likikosekana, hupita kana kwamba flashi haikuchomekwa, hata kama ndani yake bootx64.efi ipo na ni nzima. Mtu hubadilisha flashi, akabadilisha tundu la USB, akapakua toleo jingine, na hali ikabaki vilevile. Debian, mmojawapo wa mifumo ya Linux, ilianza kuzihudumia mashine hizi katika toleo la 8, mwaka 2015, kwa kuweka vipakiaji vya aina zote mbili kwenye flashi moja, kwa hiyo hilo ndilo chimbuko ninalolipendekeza kwa mwenye kompyuta ya kizazi hicho. Ukishafanikiwa kuuwasha mfumo wa majaribio kutoka kwenye flashi, soma faili ya /sys/firmware/efi/fw_platform_size. Itakupa 32 au 64, na ubishi utakuwa umekwisha. Folda ya /sys/firmware/efi isipokuwapo kabisa, maana yake flashi imewaka kwa mtindo wa zamani wa BIOS, na ukisakinisha katika hali hiyo kwenye mashine inayowasha kwa UEFI pekee, hutapata kitu.

Kuna fimuwea nyingine zenye ukaidi wa aina tofauti: hukubali kipakiaji wakati wa usakinishaji, kisha huisahau njia yake mashine inapozimwa, au huendelea kukitafuta kipakiaji cha Windows peke yake. Amri ya efibootmgr -v itakuonyesha majina ya mifumo ambayo fimuwea imeyahifadhi na mpangilio wake. Ikiwa jina la mfumo wako linatoweka kila mara, usipoteze muda kuliandika upya. Weka GRUB kwenye njia ya akiba ambayo kila UEFI huiangalia inapokosa maelekezo mengine, kwa kutumia grub-install pamoja na chaguo la --removable. Chaguo hilo, licha ya jina lake kuashiria diski za kuhamishika, limeokoa kompyuta nyingi ambazo diski yake haitoki ndani ya bodi.

Kuhusu Secure Boot, ulinzi wa fimuwea unaokataa kipakiaji kisicho na saini inayotambulika, sina mengi. Ubuntu, Fedora, na Debian kuanzia toleo lake la 10 la mwaka 2019, huja na kipakiaji kilichotiwa saini inayokubalika, hivyo kwa mifumo hiyo unaweza kuiacha ikiwa imewashwa. Kwa mifumo midogo isiyo na saini, izime kwenye mipangilio ya fimuwea kabla ya kulaumu kitu kingine.

Majina ya diski nayo yanahitaji umakini. Kompyuta ndogo nyingi hazina diski ya kawaida bali hifadhi ya eMMC, yaani chipu ya kumbukumbu iliyogandishwa kwenye bodi, ambayo Linux kwa kawaida huiita mmcblk0, na patisheni zake huitwa mmcblk0p1, mmcblk0p2 na kuendelea. Jina sda, ambalo maelekezo mengi hulitaja kana kwamba ni la kila mashine, hapa mara nyingi ni la flashi yenyewe. Anayenakili amri bila kusoma matokeo ya lsblk, amri inayoorodhesha diski, anaweza kukipeleka kipakiaji kwenye flashi, na dalili yake haifichiki, kwa kuwa mfumo utawaka flashi ikiwa imechomekwa na kugoma ikichomolewa.

Ukisimamishwa kwenye grub rescue, bado unaweza kuwasha kwa mkono. Andika ls upate orodha ya patisheni, kisha kagua moja baada ya nyingine, kwa mfano ls (hd0,gpt2)/, hadi uione folda ya boot. Ukiipata, andika set root=(hd0,gpt2), halafu set prefix=(hd0,gpt2)/boot/grub, halafu insmod normal, na mwisho normal. Menyu ikitokea, umewasha kwa mara hiyo moja tu. Ukiingia ndani ya mfumo, endesha grub-install na update-grub ili matengenezo yadumu. Menyu isipotokea, washa kwa flashi, pandisha (kwa amri ya mount) patisheni ya mfumo kwenye /mnt na ile ya EFI kwenye /mnt/boot/efi, unganisha /dev, /proc na /sys kwa mount --rbind, ingia ndani ya mfumo huo kwa amri ya chroot, kisha endesha amri hizo hizo mbili. Kwa mashine ya UEFI ya biti 32, hakikisha kwanza kwamba kifurushi cha grub-efi-ia32 kipo, na uitaje shabaha ya i386-efi.

Skrini nyeusi baada ya menyu ya GRUB huwatisha watu kuliko inavyostahili, kwa sababu mara nyingi mfumo uko hai na kilichokufa ni picha tu. Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiitikia, keneli inafanya kazi, nawe jaribu Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Taa ikimetameta yenyewe bila kuguswa, kwenye kompyuta nyingi hiyo ni ishara kwamba keneli imeanguka. Rudi kwenye menyu, bonyeza e juu ya jina la mfumo, tafuta mstari unaoanza na linux, ondoa maneno quiet na splash ili ujumbe wote uonekane, ongeza nomodeset, neno linaloizuia keneli kubadilisha mpangilio wa skrini, kisha bonyeza F10. Mabadiliko hayo ni ya kuwaka mara moja tu, hivyo hayana hatari yoyote. Ikiwa menyu haionekani, bonyeza Esc mara tu nembo inapopotea. Ukiibonyeza kupita kiasi utajikuta kwenye kishale cha grub, na neno normal litakurudisha. Kwa mashine za Bay Trail zinazowaka vizuri kisha zikaganda ghafla, intel_idle.max_cstate=1, linaloizuia prosesa kulala usingizi mzito, ni neno la kujaribu mapema kwenye mstari huohuo, ingawa hula betri.

Initramfs ikikueleza kwamba UUID fulani, yaani namba ya utambulisho ya patisheni, haipo, linganisha namba hiyo na matokeo ya amri ya blkid. Hutofautiana pale patisheni ilipoumbwa upya huku faili za zamani zikiendelea kuitaja ile iliyofutwa. Ikiwa namba ni sahihi lakini patisheni ina makosa, kama inavyotokea betri inapoisha katikati ya kuandika, fsck, amri ya kukagua na kurekebisha patisheni, hutosha mara nyingi. Hali ya dharura ya systemd, kwa upande wake, mara nyingi hutokana na mstari mmoja wa /etc/fstab unaotaja diski au kadi ya SD iliyokwisha kuondolewa. Weka nofail kwenye mstari huo na mashine itaacha kuisubiri.

Limebaki jambo la nafasi. Hifadhi ya GB 32 hujaa haraka, na mfumo ukisasishwa wakati hakuna nafasi, hasa pale /boot ilipotengwa kuwa patisheni yake, initramfs mpya huandikwa nusu na kuwaka kunakofuata kunashindikana. Kwenye menyu ya GRUB fungua chaguo za ziada, washa kwa keneli ya zamani, angalia nafasi iliyobaki kwa df -h, ondoa keneli usizozitumia, kisha endesha update-initramfs -u -k all na usome matokeo yake hadi mstari wa mwisho kabla ya kuzima.