Kamba wa Kizingitini na Zile Ada Ndogondogo za Ndege

Juzi kijana mmoja wa Kizingitini, kisiwani Pate, alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. "Assalaam alaykum, ami," akaanza, kisha akamwaga yote kwa pumzi moja. Ameona picha niliyoweka ya maboksi yetu pale uwanja wa ndege wa Manda, Lamu. Naye ana wazamiaji watatu watakaomletea kamba wa mawe, wale wakubwa wenye sharubu ndefu, mnunuzi kashampata Nairobi, na ameshaulizia nauli ya mzigo kwa kilo. Anataka dua tu na namba ya mtu wa mizigo.

Dua nimempa. Namba nimeizuia kwanza, kwa sababu ya lile neno "ameshaulizia nauli ya kilo". Na mimi niliulizia hiyo nauli tu.

Wacha nieleze, maana najua wengi mnaosoma hapa mna ndoto hiyohiyo: utoke kwenye kumuuzia tajiri wa gatini kwa bei anayotaka yeye, upeleke mali yako mwenyewe mjini. Ndoto nzuri. Mimi iliniuma.

Msimu ule wa kaskazi nilikopa kwa shemeji yangu, nikanunua kilo 38 za kamba hai kwa shilingi 1,200 kilo. Jumla 45,600. Mnunuzi Nairobi alikuwa tayari kulipa 1,700. Nauli ya mzigo nikaambiwa 90 kwa kilo. Nilipiga hesabu nyuma ya kalenda ya duka, nikaona faida ya zaidi ya elfu kumi na tano kwa safari moja. Usiku ule sikulala kwa furaha. Nilishaanza kuchagua rangi ya boti.

Asubuhi tulichelewa kutoka, na ndugu zangu wa Pate mnajua maana yake. Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari tunaopita kwenda Lamu, haumngoji mtu. Maji yalikuwa yanatoka, boti ikakaa mchangani, tukashuka kusukuma huku matope ya mikoko yakitufika magotini. Kamba nilikuwa nimewapanga kwenye vumbi la mbao lililoloweshwa maji ya bahari, ndani ya yale maboksi meupe mepesi ya kuwekea barafu. Kila baada ya dakika chache nilifungua kifuniko nikagusa sharubu. Sharubu ikisogea, moyo unatulia. Ya tatu haikusogea.

Tulifika Manda karani akiwa anakaribia kufunga. Akaweka boksi la kwanza kwenye mizani: kilo 12 na vumbi lake. Nikatabasamu. Kisha akatoa futi akaanza kupima ubavu wa boksi kama fundi cherehani. Urefu 60, upana 40, kimo 40. Akagonga kikokotoo akaandika 16.

Nikamwambia, "Bwana, mizani inasema 12."

"Mzee, twaangalia na ujazo," akanijibu, wala hakuinua kichwa.

Hilo ni jambo la kujua kabla ya yote. Kwenye mizigo ya ndege wanazidisha urefu kwa upana kwa kimo, kwa sentimita, kisha wanagawa kwa 6,000. Jibu likizidi uzito wa mizani, unalipia jibu. Wenyewe wana sababu: tumbo la ndege hujaa nafasi kabla ya kujaa uzito. Sawa. Lakini maboksi yangu manne yalikuwa kilo 48, nikalipia 64. Nililipia hewa ya kilo 16, na hewa yenyewe ni ya Lamu, tunayoivuta bure.

Hiyo bado ni nauli. Zikaja ada. Ya hati ya mzigo, 1,500. Ya ukaguzi wa usalama, 800. Na Nairobi, ya kupokea mzigo na kuuweka ghalani, 2,000. Zote tatu haziangalii uzito. Mwenye kilo 38 na mwenye kilo mia tatu wanalipa sawa. Jumla 4,300, ambayo kwangu ilikuwa shilingi 113 juu ya kila kilo. Yaani ada zilikuwa kubwa kuliko nauli niliyoiulizia!

Na mimi, kwa kiburi cha tajiri mpya, nilikata tiketi nikapanda ndege kuufuata mzigo. Kwenye tiketi nayo mna shilingi 600 ya abiria, ile ada ya serikali ya safari za ndani. Ni 600 ukitoka Nairobi kwenda Mombasa kwa mkutano, na 600 ukitoka Manda kwa sababu mama yako kapewa barua ya rufaa.

Nairobi walifika hai kilo 29. Kilo tisa walikuwa wamekufa, nikawatupa kwa 600 kilo kwenye hoteli moja. Nilipokaa kitako kuhesabu, mauzo 54,700. Toa ununuzi, toa nauli, toa ada. Hasara shilingi 960. Hapo sijagusa tiketi yangu, maboksi, wala mafuta ya boti. Nilirudi kwa basi, kutwa nzima na vizuizi vyake vyote, magotini nimepakata boksi tupu. Shemeji nimemlipa baada ya miezi saba. Mpaka leo kwenye harusi akiona sahani ya kamba hunitazama, kisha hucheka na watu wa upande wake. Nami nacheka, lakini si kwa moyo.

Ya katikati niruke, ni ya kuuza dagaa na kunyamaza.

Kilichobadilisha mambo ni hesabu moja tu. Kama ada haiangalii uzito, basi dawa yake ni uzito. Tuko wachuruzi sita sasa, wa Kizingitini, Faza na Siyu, na mzigo wetu unakwenda kwa hati moja na jina moja. Mwezi uliopita tulipeleka kilo 210. Zile 4,300 zilezile, tukigawa, ni kama shilingi 20 kwa kilo. Kutoka 113 mpaka 20, na hatukumwomba mtu yeyote hisani. Maboksi nayo tumetafuta mafupi, yanayojaa kamba mpaka juu. Futi ya karani ikipita siku hizi natazama pembeni, sina wasiwasi. Picha uliyoiona ndiyo hiyo. Naam, niliiweka makusudi, shemeji aione.

Kwa hiyo, mwanangu, uliza bei yote. Usiulize "kilo ni ngapi?" Uliza, "Kilo 40 kutoka hapa mpaka mkononi mwa mnunuzi zitanitoka shilingi ngapi, pamoja na hati, ukaguzi na ghala?" Akwandikie. Akikwambia "hizo nyingine ni ndogondogo", simama hapohapo uulize tena. Ndogondogo ndizo zilizonila. Uliza bei yote. Na usipeleke peke yako.

Halafu kuna jambo la wakubwa, nalo nitalisema hata kama halinihusu. Sidai ada zifutwe. Njia ya ndege ya Manda naikumbuka ilivyokuwa fupi, sasa imerefushwa, na lami haimwagwi kwa dua. Lakini kiwango kimoja kwa wote kina upande wake, na upande huo si wa mvuvi. Uingereza wanatoza kodi ya abiria wa ndege tangu 1994. Tangu 2001, anayepanda ndege kutoka viwanja vya nyanda za juu na visiwa vya Scotland ameondolewa kodi hiyo, kwa kuwa kule ndege si anasa. Huko kuna kisiwa kiitwacho Barra ambako ndege hutua ufukweni, kwenye mchanga, na ratiba yake hufuata maji kupwa na kujaa. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Watu wa Barra na sisi wa Mkanda tunaangalia maji yaleyale kabla ya kusafiri, ila wao kuna mtu alikaa ofisini akawakumbuka.

Sisi nani atatukumbuka? Madiwani wetu wanapanda ndege hiyohiyo, tiketi wamelipiwa, hawajui 600 inaumaje. Vijana nao wanalalamika barazani mpaka usiku, ukiwaambia wakae sita pamoja kwa hati moja wanakwambia fulani si mwaminifu. Fulani si mwaminifu, haya, na karani je? Mzazi gani aliwahi kushiba kwa lawama? Tunasubiri serikali itupunguzie shilingi mia sita wakati sisi wenyewe tunazitupa elfu nne kila wiki kwa kutoaminiana. Nakasirika, samahanini. Ni ile safari ya basi, bado haijanitoka.

Kijana, jibu lako ni hili. Kamba mwenye mayai usiniletee, mrudishe majini. Kibali cha kusafirisha samaki kichukue ofisi ya uvuvi siku moja kabla, maana hatutasubiri mtu gatini. Alhamisi maji yatajaa saa moja asubuhi, boti yetu itapita Mkanda hapo. Nafasi ipo ya maboksi mawili. Njoo na futi.